UZI: Meneja wa vifurushi ashushe tu na kuhakiki, au tumruhusu na kuendesha?

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja. Kwangu mimi meneja wa vifurushi wa lugha yoyote, yaani programu inayotuletea msimbo ulioandikwa na wengine, ana kazi tatu: kuchagua toleo, kulishusha, na kuhakiki kwamba kilichoshuka ndicho kilichoandikwa kwenye faili la kufuli, ile orodha ya matoleo kamili ya mradi. Basi. Akianza kuendesha msimbo wa mtu nisiyemjua kabla hata sijaufungua, huyo si mchukuzi tena, kajikaribisha mpaka chumbani.

Chukua npm, meneja wa JavaScript. Ukiandika `npm install`, kila kifurushi kwenye mti mzima, hata kile kilichoingia kwa mlango wa kifurushi cha sita, kinaweza kuendesha `preinstall`, `install` na `postinstall` kwa haki zako zote. Kinaona `~/.ssh`, kinaona `~/.npmrc` yenye tokeni, kinaona vigezo vyote vya mazingira. Go na Cargo (wa Rust) hawana ujinga huo na watu wanafanya kazi. Anayetetea skripti hizi aje na sababu.

#2 dodoki
Nimeingia mbio nikijua ni uzi wa vifurushi vya wiki, nijue mtandao gani umeshusha bei. Haya, nimeshakaa, endeleeni.

#3 Nahodha wa Terminali
Mkuu Kisiki, sababu ipo. Vifurushi kama `bcrypt` au `sharp` vina sehemu iliyoandikwa kwa C au C++. Sehemu hiyo lazima iwe tayari kwa mashine yako: Linux au Windows, x64 au arm64, glibc au musl. Njia ya kizamani ni `install` kuita `node-gyp`, ambayo inataka Python, `make` na kompaila ya C++ kwenye mashine. Kimoja kikikosekana unapata kurasa tatu za maandishi mekundu. Njia ya pili ni `postinstall` kushusha faili lililokwisha kujengwa kutoka sehemu nyingine.

Njia ya tatu, iliyo safi zaidi, ni ya esbuild: kila jukwaa lina kifurushi chake, vyote vimeorodheshwa kwenye `optionalDependencies`, na kila kimoja kimetaja `os` na `cpu`. Meneja anashusha kile kinacholingana na mashine na kuruka vingine. Kwa hiyo tatizo lenyewe ni la kweli, ila dawa si lazima iwe skripti.

#4 Bi Kufuli
Marekebisho kwa #1 kabla hayajazoeleka. Cargo ANAENDESHA msimbo. Kifurushi chenye `build.rs` kinajengwa na kuendeshwa kabla ya kifurushi chenyewe kujengwa, na makro za kiprosija (procedural macros, msimbo unaotunga msimbo) zinaendeshwa ndani ya mchakato wa kompaila. Hata `cargo check` tu inatosha. Tena ukifungua mradi wa Rust kwenye kihariri chenye rust-analyzer, kwa mpangilio wake wa kawaida anaendesha `build.rs` zote ili aelewe mradi. Maana yake kuusoma tu mradi wa mtu kwenye kihariri tayari ni kuuendesha.

Go ndiyo umepatia. `go mod download` na `go build` hazina ndoano ya kifurushi kuchomeka msimbo wake, na `go generate` haiendi mpaka uiite mwenyewe.

#5 Kisiki cha Mpingo
Bi Kufuli, nimekubali kwa Cargo. Nafuta sentensi hiyo, hoja inabaki.

#6 Pweza8
Mimi nadhani mnapiga kivuli. Msimbo ukishaingia kwenye `node_modules`, folda ya vifurushi vilivyoshuka, utaendeshwa tu, iwe saa ya kusakinisha au dakika tano baadaye ukiandika `npm test`. Kumbukeni event-stream ya 2018. Mwenye kifurushi alimkabidhi mtu aliyejitolea kukitunza, mtu huyo akaongeza tegemezi moja jipya, `flatmap-stream`, na ndani yake mlikuwa na msimbo uliolenga pochi ya bitcoin ya Copay. Hapakuwa na `postinstall` hata moja pale. Na tarehe 8 Septemba 2025, `chalk`, `debug` na wenzao walipoingiliwa baada ya mtunzaji kunaswa na barua pepe ya ulaghai, msimbo mbaya ulikuwa ni wa kuendeshwa ndani ya kivinjari. Kuzima skripti kusingezuia lolote kati ya hayo.

#7 Mwali wa Seva
Pweza, umechagua mifano inayokupendeza. Siku chache tu baada ya chalk, Septemba hiyo hiyo, alikuja mdudu Shai-Hulud. Huyo alipanda juu ya `postinstall`: anasakinishwa, anapekua tokeni za npm, GitHub na za wingu kwenye mashine, halafu kwa tokeni hizo anachapisha matoleo mapya yenye sumu ya vifurushi vingine vya mtunzaji huyo huyo. Wimbi la pili la Novemba 2025 lilihamia `preinstall`, yaani hata usakinishaji ukifeli katikati yeye ameshapita.

Tofauti ni hii: msimbo wa ndani ya kivinjari unakaa kwenye kisanduku cha kivinjari. Skripti ya usakinishaji inakaa kwenye mashine ya msanidi na kwenye seva ya kujengea (mashine inayojenga na kupima mradi yenyewe), na huko ndiko funguo zote ziliko.

#8 Pweza8
Sawa, lakini `require()` ya kwanza, yaani msimbo wako ukikiita kifurushi, kwenye seva ya kujengea ina haki zile zile. Umesogeza tu saa.

#9 Nahodha wa Terminali
Kwa wanaotaka kuzima leo, hatua ni hizi.

npm: `npm config set ignore-scripts true`. Angalia mtego: inazima pia `pretest` na `posttest` za mradi wako mwenyewe. `npm test` itaendesha `test` peke yake, kwa hiyo kama `pretest` ndiyo inayojenga TypeScript, utapima msimbo wa jana bila kujua. Kifurushi kinachohitaji kujengwa kweli unakijenga kwa jina: `npm rebuild bcrypt --ignore-scripts=false`.

pnpm, meneja mwingine wa JavaScript: kuanzia toleo la 10, skripti za mategemeo haziendi zenyewe. Unaandika `pnpm approve-builds`, unachagua unavyoviamini, orodha inahifadhiwa kwenye mradi na inaingia Git, hivyo wenzako wanaiona wakati wa kupitia mabadiliko.

Bun, naye wa JavaScript: orodha ya unavyoviamini inaitwa `trustedDependencies`, iko ndani ya `package.json`.

#10 Otieno_wa_Kache
Wadau, hamjagusa kitu kinachotuuma sisi wa mtandao wa kununua kwa MB. Kifurushi kinachoshusha vitu vyake chenyewe kwenye `postinstall` kinaruka kufuli, kinaruka hashi (alama ya kuhakiki faili), na kinaruka kioo cha ofisini, yaani seva yenye nakala za vifurushi.

Weka Verdaccio, ndiyo hicho kioo, kwenye mashine moja ya ofisi. Kwa kawaida inasikiliza `localhost:4873` tu, kwa hiyo kwenye `config.yaml` andika `listen: 0.0.0.0:4873`, kisha kila mtu aandike `npm config set registry http://192.168.1.10:4873/`. Mtu wa kwanza akishusha React, wengine wote wanaipata kwa waya wa ndani. Safi sana. Sasa weka Puppeteer. Kifurushi chenyewe kinatoka Verdaccio, lakini `postinstall` yake inakwenda kuvuta Chrome nzima kutoka kwenye hifadhi ya Google, megabaiti kwa mamia, na Verdaccio haina habari. Watu wanane wakisakinisha, Chrome inashuka mara nane. Dawa ni `PUPPETEER_SKIP_DOWNLOAD=1` halafu `PUPPETEER_EXECUTABLE_PATH` ielekeze kwenye Chrome iliyopo tayari.

Kwa hiyo Pweza, hata ukitoa usalama pembeni kabisa, skripti inavunja ahadi ya msingi: kwamba faili la kufuli linataja kila kinachoshuka.

#11 Pweza8
Hilo la #10 nimeliweka mfukoni. Hoja nzuri kuliko zote za juu.

#12 Bi Kufuli
Nyongeza kwa Otieno, maana wengi wanafungwa bao hapa. `package-lock.json` inahifadhi anwani kamili kwenye sehemu ya `resolved`. Ukilitengeneza faili hilo ukiwa ofisini kupitia Verdaccio, kila mstari utakuwa na `http://192.168.1.10:4873/...`. Ukisukuma GitHub, seva ya kujengea iliyoko nje itajaribu kuifikia 192.168.1.10 yake, itasubiri, itakufa kwa kuishiwa muda. Kinyume chake hakina shida, kwa sababu npm hubadilisha yenyewe anwani za `registry.npmjs.org` kuwa rejista (ghala la vifurushi) uliyoiweka, ila za wengine haizigusi.

Chagua moja: `replace-registry-host=always` kwenye `.npmrc` ya mradi, au `omit-lockfile-registry-resolved=true` ili anwani zisiandikwe kabisa. Hashi ya `integrity` inabaki, na hiyo ndiyo yenye maana.

#13 Kipanga wa Chatu
Watu wa Python tumesahauliwa humu. Kwa usakinishaji bila intaneti kwa pip, meneja wetu:

`pip download -r requirements.txt -d magurudumu --only-binary=:all: --platform manylinux2014_x86_64 --python-version 3.11`

kisha kwenye seva:

`pip install --no-index --find-links magurudumu -r requirements.txt`

Ukiacha `--platform` ukashusha ukiwa Windows, utabeba faili za `win_amd64` kwenye flashi mpaka kwenye Linux na pip atakuambia hakuna toleo linalofaa, wakati unaliona kwa macho ndani ya folda. Na `--only-binary=:all:` usiiache hata kama huhitaji jukwaa jingine. Gurudumu, yaani faili la `.whl`, linafunguliwa tu kama zipu. Kifurushi cha chanzo kinaendesha `setup.py` au kijenzi chake, na kinaendesha HATA KWENYE `pip download`, kwa sababu pip anahitaji kujua mategemeo yake. Watu wanadhani kushusha si kuendesha. Kwa pip, inategemea kilichoshuka.

#14 dodoki
Swali la mtu wa nje. Mnasema "tegemezi", "mategemeo", "vitegemezi". Kwenye fomu ya bima ya afya mtegemezi ni mtoto wangu, yeye ndiye ananitegemea mimi. Hapa nani anamtegemea nani?

#15 Kisiki cha Mpingo
Dodoki umeamka leo. Kwa haki, kitu unachokitegemea ni tegemeo. Tegemezi ni kile kinachotegemea. Pweza na #6 yake kakosea, lakini nusu ya mafundi wanasema hivyo hivyo.

#16 Pweza8
Mnapinga hoja au ngeli?

#17 Jiwe la Fatuma
Nihamishe mjadala. Skripti ni nusu ya tatizo, nusu nyingine ni KUCHAGUA TOLEO. Nani kasema kazi ya meneja ni kuniletea jipya kuliko yote?

npm: `^1.4.0` maana yake chochote kuanzia 1.4.0 hadi chini ya 2.0.0, na bila faili la kufuli anachukua la juu kabisa lililopo sekunde hiyo. Angalia sifuri: `^0.2.3` inaishia chini ya 0.3.0, na `^0.0.3` ni 0.0.3 tu.

Go imegeuza kibao. Kifurushi A kikisema "nahitaji C angalau 1.2" na B kikisema "angalau 1.4", unapata 1.4, hata kama 1.9 imeshatoka. Russ Cox aliueleza utaratibu huu 2018 kwa jina la uchaguzi wa toleo la chini linalotosha. Unapanda pale tu unapoandika `go get -u` mwenyewe. Sumu iliyochapishwa leo asubuhi haiingii kwako mchana kwa bahati mbaya, na hesabu yenyewe ni nyepesi, hakuna kutafuta na kurudi nyuma.

#18 Kipanga wa Chatu
Kurudi nyuma ndiko kulikokula bando za watu pip 20.3 ilipokuja mwishoni mwa 2020 na kitatuzi kipya, yaani sehemu inayochagua matoleo. Matoleo yakigongana, alikuwa anashusha toleo moja la kifurushi, anasoma metadata, halifai, anashusha la chini yake, na kuendelea. Unaona tu mistari ya "Downloading" ya kifurushi kile kile. Tangu 2023 PyPI, rejista ya Python, inatoa faili la metadata peke yake, kwa hiyo kwa magurudumu adha imepungua. Kwa vifurushi vya chanzo bado.

Dawa ya haraka ni faili la vikwazo: `pip install -c vikwazo.txt -r requirements.txt`, humo umebana matoleo ya vile vinavyozunguka.

#19 Nahodha wa Terminali
Fatuma, utaratibu wa Go una gharama yake. Marekebisho ya usalama nayo hayaji yenyewe. C 1.4 ikiwa na tundu na 1.4.1 imeliziba, utabaki na tundu mpaka ukumbuke. Kwa npm mtu asiye na kufuli anapata kiraka bila kujua. Anapata na sumu bila kujua, hilo kweli.

#20 Jiwe la Fatuma
Ndiyo maana kuna `govulncheck`. Inakuambia kama msimbo wako unaifikia kweli ile funksheni yenye tundu, si jina la kifurushi tu. Kupanda toleo kuwe uamuzi wenye tarehe na jina la aliyeamua.

#21 Mwali wa Seva
Kuna njia ya katikati: kuchelewesha. pnpm 10.16 imeleta `minimumReleaseAge`, inaandikwa kwa dakika kwenye `pnpm-workspace.yaml`. Ukiweka `1440`, toleo lenye umri chini ya siku moja halichaguliwi. Zile za chalk zilikaa hewani kama saa mbili tu kabla ya kuondolewa. Kizuizi hiki kingekuwepo siku ile, aliyekiweka asingeguswa.

#22 Pweza8
Na wote tukisubiri siku moja, nani atakayeumwa kwanza ili sisi tujue?

#23 Mwali wa Seva
Wanaogundua ni mashine za kampuni za ulinzi zinazosoma kila kinachochapishwa, si wewe uliyeandika `npm install` saa nane usiku.

#24 Pweza8
event-stream ya 2018 iliingia Septemba ikagunduliwa Novemba. Siku moja ingesaidia nini?

#25 Bwana Makumbusho
Mmesahau kazi ya nne: KUTUNZA. Rejista isikubali kufutwa. Mwaka 2015 jamaa alifuta `left-pad`, mistari 11 ya kuongeza nafasi kushoto kwa neno, na ujenzi wa miradi mikubwa ukasimama duniani kote.

#26 Bi Kufuli
Ilikuwa 22 Machi 2016, si 2015. Mgogoro ulianzia kwenye jina la kifurushi kingine, `kik`. Mwandishi akaondoa vifurushi vyake zaidi ya 250 kwa mkupuo, `left-pad` ikiwemo, na npm wakalazimika kuirudisha wao wenyewe. Sasa hivi kufuta kwa uhuru ni ndani ya saa 72 tu, tena kama hakuna kifurushi kingine kwenye rejista kinachokitegemea. Baada ya hapo masharti yanakaza, na namba ya toleo iliyokwisha kutumika haitumiki tena kamwe. crates.io, rejista ya Rust, wana `cargo yank`: toleo linazuiwa kwa miradi mipya, ila mwenye `Cargo.lock` bado analipata.

#27 Kisiki cha Mpingo
Hapo Bwana Makumbusho naunga mkono. Kilichochapishwa kibaki.

#28 Jiwe la Fatuma
Kibaki hata kikiwa na sumu? Mimi ni mtu wa Go, lakini hili lazima nilitoe. Mtu alisajili `github.com/boltdb-go/bolt`, jina linalofanana na boltdb halisi, akachapisha toleo lenye mlango wa nyuma mwaka 2021. `proxy.golang.org`, hifadhi ambayo `go get` huvuta humo, ikalihifadhi. Halafu akabadilisha lebo ya Git ielekeze kwenye msimbo safi. Aliyekagua GitHub aliona usafi mtupu, aliyeandika `go get` alipewa sumu kutoka kwenye hifadhi. Iligunduliwa 2025. Uthabiti ule ule tunaousifu ndio uliomfichia.

Kukagua kilichoshuka kweli, usisome GitHub. `go mod vendor` halafu soma folda ya `vendor`, au nenda `$(go env GOMODCACHE)`.

#29 Kipanga wa Chatu
Na hili la rejista mbili tafadhali. Ofisi ina vifurushi vyake vya ndani, mtu anaandika `--extra-index-url` ya ndani juu ya PyPI. pip HANA kipaumbele kati ya hizo mbili. Anaziona sawa, anachukua toleo kubwa zaidi. Mgeni akisajili jina la kifurushi chenu cha ndani PyPI na kukiita 99.0.0, imekwisha. Alex Birsan alilionyesha hili Februari 2021 kwa kuingia kampuni kubwa zikiwemo Apple na Microsoft, na Desemba 2022 PyTorch ya kila usiku (toleo la majaribio la maktaba hiyo) ikapigwa hivyo hivyo kupitia `torchtriton`.

Weka `--index-url` MOJA, iwe devpi yenu (rejista ya ofisini) inayopitisha PyPI kwa nyuma. uv, meneja mwingine wa Python, yeye kwa kawaida anasimama kwenye rejista ya kwanza yenye jina hilo, hachanganyi.

#30 Otieno_wa_Kache
uv tena anashusha na Python yenyewe kama huna. Mnasemaje, hiyo ni kazi ya meneja wa vifurushi?

#31 Kisiki cha Mpingo
Hapana. Rust wametenganisha vizuri: rustup ni wa kompaila, cargo ni wa vifurushi.

#32 Nahodha wa Terminali
Na kipenzi chako Go? Kuanzia 1.21, `go.mod` ikisema `go 1.23.0` na wewe una 1.21, amri ya `go` inavuta kompaila mpya bila kukuuliza na kuendelea nayo. Kwa MB za Otieno hilo si dogo. Kuzuia: `go env -w GOTOOLCHAIN=local`, ndipo itakataa kwa kosa linaloeleweka badala ya kushusha.

Mimi naona ni sawa. Toleo la kompaila ni tegemeo kama mengine, liandikwe na lihakikiwe. Kinachonikera ni kule kutoulizwa.

#33 dodoki
Nimejaribu kujifunza wakati mnagombana. Mradi wa Vite niliopewa, jamaa anatumia Mac, mimi Linux. `npm ci` imepita vizuri, kuendesha inasema `Cannot find module @rollup/rollup-linux-x64-gnu`. Nani ananitegemea hapa?

#34 Bi Kufuli
Hahaa, karibu. Huo ni ule mtindo wa #3 na hitilafu yake inayojulikana. npm akitengeneza kufuli wakati `node_modules` ya Mac ipo tayari, anaweza kuandika kifurushi cha hiari cha Mac tu na kuacha vya majukwaa mengine. `npm ci` inafuata kufuli neno kwa neno, haioni cha Linux, na kwa kuwa ni cha hiari hailalamiki.

`rm -rf node_modules package-lock.json`, kisha `npm install`. VYOTE VIWILI vifutwe, ukifuta kufuli peke yake inarudi vile vile. Kisha `grep rollup-linux package-lock.json`, ukiiona sukuma Git. Jua tu kwamba kulitengeneza kufuli upya kunapandisha matoleo mengine yote yanayoruhusiwa na `^`, kwa hiyo pitia tofauti kabla ya kusukuma.

#35 Nahodha wa Terminali
Hiyo #3 niliiita safi, nimeonekana.

#36 dodoki
Imewaka. Asante Bi Kufuli. Mistari iliyobadilika kwenye kufuli ni 1,900 na kitu. Mliposema nipitie, mlimaanisha yote?

#37 Pweza8
Ndiyo maana nilisema mnapiga kivuli.

#38 Bi Kufuli
Anza na mistari ya `hasInstallScript`. `grep -B15 hasInstallScript package-lock.json` itakuonyesha vyenye skripti. Ukiona jina usilolijua, andika `npm explain` na jina hilo, utajua nani kalileta.

#39 dodoki
Vimetoka viwili: esbuild na fsevents.

#40 Bi Kufuli
fsevents ni ya Mac tu, kwako haisakinishwi. Bado moja.